Shahada Ipimwe kwa Mizani ya Mkulima wa Pamba

Mwalimu mmoja wa hisabati mjini Bariadi alinionyesha orodha aliyoinakili katika daftari lake. Ilikuwa orodha ya vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyotoa shahada ya uzamili ya hisabati ya fedha, vimepangwa kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho: Princeton, Baruch, Carnegie Mellon na vinginevyo. Akaniuliza: "Ndugu, kipi ni bora?" Nami nikamuuliza: bora kwa nani?

Tuzitazame kwanza mizani zenyewe. Orodha za namna hii hutazama mshahara wa kuanzia wa mhitimu, wepesi wa kupata kazi, ugumu wa kuingia chuoni na sifa ya chuo mbele ya waajiri. Waajiri hao ni mabenki na makampuni ya uwekezaji ya New York na London. Carnegie Mellon ilipoanzisha shahada hii mwaka 1994, ilikusudia kuyatumikia masoko hayo. Hilo si kosa, maana kila taifa huwafundisha watu wake kwa haja zake. Kosa ni letu sisi, tunapoichukua ngazi iliyojengwa kwa ukuta wa mwingine tukaiegemeza kwenye ukuta wetu.

Wala tusidanganyike kwamba kilele cha elimu hiyo hakina maporomoko. Mwaka 1997 Robert Merton na Myron Scholes walitunukiwa Nobel kwa kazi yao ya kukadiria thamani ya mikataba ya haki ya kununua na kuuza. Mwaka uliofuata, Long-Term Capital Management, kampuni ambayo wote wawili walikuwa washirika wake, iliporomoka, na mabenki yakalazimika kuiokoa kwa dola bilioni 3.6.

Hata hivyo, hatusemi kwamba elimu hii haitufai. Kinyume chake, inahitajika Simiyu kuliko wengi wanavyodhani. Mkulima wa Maswa, Meatu au Itilima hupanda pamba mwishoni mwa mwaka bila kujua bei ya msimu wa ununuzi utakaofunguliwa miezi kadhaa baadaye. Bei hiyo hufuata soko la dunia, ambalo yeye halioni wala haliamui. Mwaka 2019 bei ya mkulima ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wakasubiri fedha zao.

Hapo ndipo hisabati ya fedha inapoingia. Kumhakikishia mkulima bei ya chini ni kumpa haki ya kuuza kwa bei hiyo hata soko likianguka. Haki hiyo ina gharama, na mwaka 1976 Fischer Black alionyesha namna ya kuikadiria kwa mazao yanayouzwa kwa mikataba ya baadaye. Gharama isipohesabiwa mapema, wala asipotajwa atakayeilipa, haitoweki. Humwangukia aliye dhaifu kuliko wote, naye ni mkulima. Wahenga walisema: mkulima ni mmoja, walaji ni wengi.

Hivyo basi, tuzipange shahada hizi kwa mizani yetu. Kwanza, je, chuo kinafundisha kwa kina nadharia ya uwezekano, takwimu na uandishi wa programu za kompyuta? Bila msingi huo, jina la chuo ni pambo tu. Pili, kinafundisha bei za mazao na bima ya ukame, au hisa na dhamana peke yake? Tatu, mwanafunzi ataruhusiwa kuandika tasnifu juu ya pamba ya Bariadi? Nne, atarudi na elimu, au na deni litakalomlazimisha kubaki alikokwenda?

Kwa mizani hiyo, Chuo Kikuu cha Cape Town, Strathmore ya Nairobi na idara za hisabati za vyuo vyetu wenyewe zinastahili kutazamwa kabla ya majina yanayong'aa. Mwenye ufadhili kamili wa kwenda Princeton na aende, mradi aende akijua anachokifuata. Lakini mwalimu atakayekopa ili anunue jina, huyo amepotezwa na kasumba.

Nanyi ndugu watumishi mnaoidhinisha ruhusa za masomo, msiishie kuuliza chuo ni cha ngapi duniani. Mwulizeni mwombaji atakayoyafanya akirudi, nanyi mwandalieni kazi hiyo katika bodi za mazao, mabenki na vyama vya ushirika. Tusipofanya hivyo, tutawapa New York wahesabuji hodari, na mkulima wa Bariadi ataendelea kupanda bila kujua atavuna shilingi ngapi.