Wakili Mwizi Si Shujaa



Wengi waliosoma riwaya ya John Grisham wa Marekani, The Firm (1991), hulalamika: mwanzo mtamu, mwisho ni kukimbizana tu. Mimi nasema ubaya wake u mahali pengine.

Mitch McDeere, wakili kijana, agundua kwamba wakubwa wake huwatumikia majambazi wa Chicago. Awafichua. Vema! Lakini achukua kwa hila dola milioni 10 zao, na mwandishi amwacha akistarehe visiwani. Wengine hushangilia: “Amewaibia wezi!” Je, Amri ya Saba yasema, Usiibe, isipokuwa mali ya mwizi? Hata waliotengeneza sinema yake mwaka 1993 waliubadili mwisho huo: wakili wao ashinda kwa kushika sheria.

Fungueni kitabu cha Danieli, sura ya 13. Danieli awatenga wazee wawili, amwuliza kila mmoja: chini ya mti gani? Majibu yapingana, Susana aokoka. Danieli haondoki na fedha ya mtu.

Mjane wa Kalemie anayedai shamba lake ahitaji wakili asiyenunulika. Vijana mnaotaka uwakili, jifunzeni kwa Danieli.