Kofia kazini, koti ziwani

Wewe baba, huingii shimoni bila kofia. Mbona siku za konji, ukiwapeleka watoto kutembea Mpala, unawapakia ndani ya mtumbwi bila koti la kuelea?

Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1470. Upepo wa kusini wakati wa kiangazi huamsha mawimbi kwa ghafula. Mwezi wa 12 mwaka 2014 chombo Mutambala kilizama humo. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Wengine husema mtoto wa ziwa anajua kuogelea. Lakini wako ni mtoto wa kambi. Ukikosa makoti, wacheze mpira mchangani, wewe na bibi yako mkiwalinda kwa zamu. Mtumbwi utangoja, ziwa halirudishi mtoto.