Muhula wa Bila Riba Una Mwisho Wake

KATIKA maneno yote yanayomvuta mkopaji, hakuna linalomlainisha moyo kama neno "bila riba". Neno hilo limeenea sasa katika matangazo ya mabenki, ya maduka na ya huduma za fedha kwa simu. Mwananchi huambiwa achukue leo na atumie leo, na kwamba kwa muda fulani hataongezewa hata senti moja juu ya kile alichokopa. Aghalabu ahadi hiyo ni ya kweli. Lakini ni ahadi yenye tarehe, na tarehe hiyo ndiyo ambayo mkopeshaji huiandika kwa herufi ndogo na mkopaji huisahau.

Tunalizungumza jambo hili kwa sababu kadi za mkopo, ambazo zamani zilikuwa habari za nchi za nje, hutolewa siku hizi na mabenki ya hapa nchini, na ndugu zetu wengi wanaoishi Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba wanazo mifukoni. Yafaa kwanza ifahamike kwamba kadi hiyo haifanani na kadi ya kawaida ya benki. Mwenye kadi ya kawaida hutoa fedha zake mwenyewe alizoziweka. Mwenye kadi ya mkopo hutumia fedha za benki, na kila anachokinunua kwa kadi hiyo ni deni.

Desturi ya kadi hizo ni kwamba mwenye kadi akilipa deni lote siku ya malipo inapofika, hatozwi riba kwa vitu alivyonunua. Asipolilipa lote, neema hiyo humwondoka, na kwa kadi nyingi riba huhesabiwa tangu siku ya ununuzi. Aliyechota fedha taslimu kwa kadi hiyo kwa kawaida haipati neema hiyo kabisa. Riba humwanza siku ile ile.

Huko Uingereza na Marekani iko aina nyingine. Mteja mpya, au mteja anayehamisha deni lake kutoka kadi moja kwenda nyingine, hupewa muhula wa mwaka mmoja au zaidi usio na riba. Anayehamisha deni aghalabu hulipishwa ada ya asilimia 3 hadi 5 ya deni lenyewe, na muhula ukiisha, kile kilichobaki huanza kutozwa riba kamili. Tena Marekani zipo kadi za maduka ambazo mteja akibakiza hata dola moja siku ya mwisho, hutozwa riba ya muhula wote uliopita, kana kwamba muhula haukuwapo.

Hatuna budi kujiuliza: mfanyabiashara gani huyu anayetoa mali yake bure? Jibu ni jepesi. Anamjua binadamu. Anajua kwamba wengi watakaoingia katika muhula wakiwa na nia njema watatoka wakiwa bado na deni, na kwamba faida yake yote imo katika siku zinazofuata.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu anadaiwa shilingi 1,000,000 siku muhula wake unapokwisha, na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango ambacho Benki Kuu ya Tanzania imekiweka kuwa kikomo kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Ameambiwa kwamba akilipa asilimia 5 ya deni kila mwezi inatosha. Mwezi wa kwanza atatoa 50,000, lakini katika hizo 35,000 ni riba, na deni lenyewe litapungua kwa 15,000 tu. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa ametoa kiasi cha 553,000, ilhali deni lingali 834,000. Mwenzake mwenye deni kama hilo, akijibana na kutoa 100,000 kila mwezi bila kukosa, atalimaliza mwezi wa 13, akiwa ametoa jumla ya takriban 1,253,000. Wawili hao wameanza mahali pamoja. Mmoja ametoka kifungoni; mwingine amelipa kodi ya kifungo.

Hila hii si ngeni kwetu. Wazee wetu wa pwani na visiwani waliijua kwa jina la bei ya khiari. Mwenye shamba la minazi au mikarafuu aliliuza kwa mwenye fedha kwa sharti kwamba anayo khiari ya kulikomboa katika muda waliokubaliana, na huku nyuma akaendelea kukaa humo akilipa kodi. Kwa jina haikuwa riba, maadamu riba ni haramu; kwa matokeo, kodi ilifanya kazi ya riba. Muhula ulipopita na fedha hazikupatikana, shamba lilihama mikono. Madeni ya wenye mashamba Unguja na Pemba yalikithiri hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria za kuzuia mashamba yasiendelee kuchukuliwa na wenye fedha.

Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inahusu deni, nayo inaagiza liandikwe pamoja na muda wake, mbele ya mashahidi. Aya mbili kabla yake inaagizwa kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi mpaka apate wasaa. Wakopeshaji wa siku hizi wameyapindua mafundisho hayo: nafasi humpa mtu akiwa na wasaa, na dhiki ikimfika ndipo humwongezea mzigo.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye mishahara minono. Hasha. Mtu asiye na kadi anayo simu. Nchini Kenya, huduma ya Fuliza iliyoanza mwaka 2019 iliweka mwaka 2022 siku 3 bila ada ya kila siku kwa deni lisilozidi shilingi 1,000 za Kenya. Siku ya nne ada ilianza kuhesabiwa. Ni kanuni ile ile ya kadi, isipokuwa muhula wa miezi umekuwa muhula wa siku tatu. Hapa Tanzania, mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Wananchi wenyewe wameibatiza mikopo ya namna hiyo jina la "kausha damu", na hakuna mwanauchumi angeweza kulitafuta jina lililo sahihi zaidi.

Baya kuliko yote ni pale deni moja linapozaa jingine. Mfanyakazi aliyepitiwa na tarehe benki hukimbilia simu. Simu ikimshinda, huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, ambaye humtaka aweke rehani kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Tangu siku hiyo mshahara wake huchukuliwa na mtu mwingine, naye hurudi nyumbani na kile alichobakiziwa. Mwalimu wa namna hiyo atasimamaje mbele ya watoto akili ikiwa imetulia? Nyumba ya namna hiyo itakosaje ugomvi?

Basi yafanywe haya. Anayechukua mkopo wa bila riba aiandike tarehe ya mwisho siku ile ile, na amjulishe mwenziwe wa nyumbani. Aligawe deni kwa idadi ya miezi aliyopewa, apunguze mwezi mmoja wa tahadhari, na alipe sehemu hiyo siku mshahara unapoingia, kabla fedha hazijapata kazi nyingine. Kadi inayolipwa isitumiwe kwa manunuzi mapya, kwa maana huwezi kukausha kisima huku unamwagia maji.

Na kama muhula umekwisha na deni lingalipo, kujificha hakusaidii. Aende kwa mkopeshaji mapema, aeleze hali yake, aombe mpango mpya wa malipo, na makubaliano yawe kwa maandishi. Alipe zaidi ya kile kiwango cha chini kila awezapo. Mwenye madeni kadhaa alipe kiwango cha chini kwa yote, kisha ziada yote aielekeze kwenye deni lenye riba kubwa kuliko mengine. Akitaka kulihamisha deni, apige kwanza hesabu ya ada ya kuhamisha na riba itakayofuata. Na kwa hali yoyote asikope kausha damu ili kulipa benki. Dawa ya deni ni kulipa. Kukopa tena ni kubadili jina la ugonjwa.

Lakini itakuwa dhuluma kumtwika mkopaji lawama zote. Marekani, iliyo ngome ya ubepari, ilitunga sheria mwaka 2009 inayomlazimu mtoaji wa kadi kumwonyesha mteja kila mwezi itamchukua muda gani kumaliza deni akilipa kiwango cha chini tu, na alipe kiasi gani ili alimalize kwa miaka 3. Madhali mabepari wenyewe wameliona hilo, sisi tuna udhuru gani? Tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kikomo cha riba kipo. Tunawaomba wahusika waongeze sharti hili: kila mkataba wa mkopo uandikwe kwa Kiswahili chepesi, tarehe ya mwisho wa muhula iwe kwa herufi kubwa pamoja na kiasi cha riba kwa shilingi, na mteja akumbushwe kwa simu mwezi mmoja kabla, au siku moja kabla kwa mikopo ya siku chache.

Viongozi wa Chama katika mashina na matawi nao wana kazi. Mikutano yetu huzungumza barabara na maji, nasi hatusemi isiache kufanya hivyo. Lakini izungumze pia madeni, kwa sababu yameingia katika kila nyumba. Vyama vya akiba na mikopo viimarishwe, ili mwenye shida apate pa kwenda kabla hajafika kwa mnyonyaji.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kama taifa kwamba mikopo ya nje inaweza kuhatarisha uhuru wetu. Onyo hilo linamfaa na mtu mmoja mmoja. Anayekopa kwa hesabu na kulipa kwa wakati hubaki huru. Anayekopa kwa kusahau tarehe atakuta uhuru wake umekwisha siku ile ile muhula wake ulipokwisha.