Redio iliwafikisha wapi wenye ualbino?
Julai 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mteja, akabisha hodi kwa waganga wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, waliokuwa tayari kumuuzia dawa iliyotengenezwa kwa viungo vya watu wenye ualbino. Vitisho vilimfanya ajifiche, ila ukimya ulikuwa umevunjika. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiketi Kahama, wanaume watatu walihukumiwa kifo kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Bila kelele za vyombo vya habari, ni vigumu kuamini kesi ile ingefika mbali hivyo. Lakini kelele hizo hizo zilirudia mno bei za viungo, na kwa mwenye tamaa ya utajiri huko machimboni, bei inayotajwa redioni ni tangazo la biashara. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mwezi uliofuata mtoto mwenye ualbino wa mwaka mmoja akaporwa mikononi mwa mama yake huko Chato, mkoani Geita, akauawa. Kwa hofu hiyo, kituo cha Buhangija, Shinyanga, kilifurika watoto wenye ualbino walioondolewa makwao, wakibanana vitandani. Kamera zilikuja, misaada ikaja, kofia pana na mafuta ya jua vikaja. Wazazi wa baadhi ya watoto hao hawakuja kabisa. Huruma ya dunia haiwezi kumrudisha mtoto kijijini. Anayeweza ni mwenyekiti wa kitongoji, pamoja na majirani wanaojua mlango wa mganga na wateja wake wa usiku, na hao ndio wanaopaswa kubanwa sasa.