Mwendo wa Aliye Nyuma

Wapo wanaodhani kwamba matembezi ya siku moja kwenda maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, hupangwa kwa kukodi basi na kununua soda tu. Mimi nasema hapana. Maji yale huanguka takribani mita 170 kwa ngazi tatu, na mzunguko wake huchukua muda wa saa nne hivi. Si mrefu, lakini kule kupanda hakuyahurumii magoti ya wazee wetu, ambao kila mara huambiwa wabaki garini walinde mizigo.

Kwa hiyo tuulize kwanza: ni nani atakayekuwa wa mwisho? Huyo atangulie pamoja na mwongozaji na kuupima mwendo. Vijana wabebe maji, wafuate. Tuanze asubuhi mapema, kwani mvua ya mlimani haibishi hodi na mawe yaliyolowa huteleza. (Kandambili zibaki nyumbani.) Na ikiwa saa sita mchana itatukuta bado njiani, tugeuke sote, hata kama maporomoko yanasikika.