Zabuni za serikali Uvira: aliyekosa soko ana haki ya kuuliza, lakini muda haumngojei

Mtu akikosa soko la serikali, watu humwambia: asiyekubali kushindwa si mshindani. Kwenye mpira maneno hayo yanafaa. Kwenye zabuni ya daraja, barabara au bomba la maji hayafai, kwa sababu franka zinazotumika si za waliokuwa wakishindana. Ni za wananchi, na ndio watakaopita juu ya daraja hilo.

Uvira inajua gharama ya kazi mbovu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu, ukabomoa nyumba na kuharibu mitambo ya maji ya Regideso. Miaka iliyofuata maji ya ziwa Tanganyika yalipanda hadi kuvamia mitaa ya pwani na bandari ya Kalundu. Kuta za mito, mifereji, barabara ya taifa namba 5 kuelekea Fizi na Baraka: zote ni kazi zinazohitaji fedha za umma, na kila moja inahitaji mtu wa kuifanya. Atachaguliwa vipi? Na aliyeachwa akiona ameonewa, aende wapi?

Sheria ipo

Nchini Kongo jibu limo katika sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu masoko ya umma. Inahusu serikali kuu, majimbo, miji na mashirika ya serikali. Inasema kanuni ni zabuni ya wazi. Kumpa mtu mmoja kazi moja kwa moja, ile inayoitwa gré à gré, ni jambo la pekee linalohitaji sababu na ruhusa.

Sheria hiyo inampa haki aliyeshindwa. Kwanza anaweza kudai aelezwe kwa maandishi kwa nini faili lake limekataliwa. Asiporidhika anapeleka malalamiko kwa ofisi ileile iliyotangaza zabuni. Jibu lisipomridhisha, anakwenda kwa mamlaka ya kusimamia masoko ya umma, ARMP, yenye kamati ya kutatua migogoro. Mlango wa mahakama unabaki wazi baada ya hapo.

Muda wa kulalamika ni mfupi, unahesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Hiyo ina maana yake: kazi ya umma haiwezi kusimama mwaka mzima ikingoja watu wawili wamalize ugomvi. Lakini muda mfupi unamfaa aliye karibu na ofisi.

Umbali na vita

Hapo ndipo mtu wa Uvira anapokwama. Makao makuu ya ARMP yako Kinshasa, upande wa pili wa nchi, na hakuna barabara ya kufika huko. Kwa miaka mingi mfanyabiashara wa Uvira alitegemea Bukavu kwa karatasi zake nyingi, benki na ndege ya Kavumu. Februari 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFC/M23, benki zikafungwa, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba 2025 waasi hao wakaingia Uvira penyewe, kabla ya kutangaza kwamba wanaondoka.

Kwa kampuni ndogo, hilo si habari ya siasa tu. Faili la zabuni hudai cheti cha kodi, namba ya usajili wa biashara, na mara nyingi dhamana ya benki. Karatasi moja ikikosekana, faili linawekwa pembeni kabla bei haijasomwa. Kampuni ambayo benki yake imefungwa inaweza kukataliwa kihalali kabisa, na bado ikawa imeonewa na hali.

Vita na mafuriko vina athari nyingine. Sheria inaruhusu njia ya mkato kukiwa na dharura ya kweli. Daraja likichukuliwa na maji leo, hakuna atakayetaka zabuni ya miezi mitatu. Ila mahali ambapo dharura haiishi, njia ya mkato inaweza kugeuka barabara kuu. Na pasipo zabuni hakuna aliyeshindwa; pasipo aliyeshindwa hakuna anayelalamika.

Kesi ya gereza la Kisangani inaonyesha hatari hiyo. Tarehe 2 Septemba 2025 mahakama ya kasasyon ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ya lazima kwa ajili ya dola zipatazo milioni 19 za ujenzi wa gereza hilo. Soko lilikuwa limetolewa kwa gré à gré. Ilibidi kesi ya jinai ifanye kazi ambayo malalamiko ya mshindani mmoja yangeweza kufanya mapema zaidi.

Majirani wanafanyaje

Nchini Kenya, sheria ya 2015 inampa aliyeshindwa siku 14 za kupeleka malalamiko kwa bodi maalum, na bodi ina siku 21 za kuamua. Wakati huo mkataba hausainiwi. Benki ya Dunia nayo, katika miradi mingi mikubwa inayoigharamia, inadai siku 10 za kazi zipite kati ya kutangaza mshindi na kusaini, ili mwenye swali aulize.

Wapo wanaosema wanaoshindwa hulalamika kwa kinyongo, au ili kuchelewesha kazi. Hutokea. Dawa yake ni tarehe ya mwisho inayoheshimiwa na pande zote, pamoja na jibu lenye sababu. Kinyongo hukua zaidi mahali ambapo hakuna jibu, na katika mji wenye jamii nyingi kama Uvira, swali la bei hugeuka upesi kuwa swali la kabila la aliyeshinda.

Serikali ya jimbo haihitaji sheria mpya kuanza. Inaweza kubandika matokeo ya kila zabuni hadharani, pamoja na bei na sababu za kukataa mafaili mengine, na kuweka mjini mahali pa kupokea malalamiko ya kupelekwa Kinshasa. Mkandarasi naye ahudhurie ufunguzi wa mafaili, aandike bei zilizosomwa, na kila barua anayopeleka aibakishie nakala yenye muhuri na tarehe. Bila nakala hiyo, hata mwenye haki hana cha kuonyesha.

Mvua zitarudi, na Mulongwe utajaa tena. Siku hiyo wakazi wa kando ya mto hawatauliza nani alishinda zabuni. Wataangalia tu kama ukuta umesimama.