Komisyo ikitoka katika hasara ya ndugu yako, hiyo si kazi

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi,

Kazi ni ngumu kupata, wote tunajua. Ndiyo maana wengi wetu leo tunatafuta makuta ndani ya simu: unapewa kiungo ao kode ya promo, unaituma mu WhatsApp na mu TikTok, mtu akiingia kupitia kwako unapata komisyo. Biashara hii si mbaya yenyewe. Lakini kabla ya kuchagua utangaze nini, uliza: ile komisyo inatoka mfuko wa nani?

Tuanze na michezo ya pari, juu ndiyo inajaa kwenye simu zetu. Wenye michezo wanalipa kwa njia mbili. Ya kwanza ni pesa ya mara moja kwa kila mchezaji mpya anayeweka makuta. Ya pili ni sehemu ya kile nyumba ya pari inapata kwake, maana yake sehemu ya kile anachopoteza. Tuseme mkataba wako ni 25%. Rafiki yako akipoteza franka 10 000, wewe unapata 2 500, na 7 500 zinabaki kwa wenye mchezo. Yeye akishinda, wewe hupati kitu. Kuna hata programu zinazokuandikia deni la kulipa mwezi unaofuata. Kwa hiyo unalala ukiomba mwenzako ashindwe. Huo ni urafiki gani?

Sasa mnada wa intaneti. eBay, iliyoanza Marekani mwaka 1995, ina programu ya washirika. Mtu akibonyeza kiungo chako, ana saa 24 za kununua ao kutaja bei yake. Kama ni mnada, anapaswa kuushinda ndani ya siku 10, hapo ndipo unalipwa. Tuseme simu imeuzwa dola 100 na komisyo ni 3%: unapata dola 3. Ni kidogo, ndiyo. Lakini muuzaji ana pesa yake, mnunuzi ana simu yake, na wewe una haki yako. Hakuna aliyelia.

Tusidanganyane, mnada una shida zake. Mteja wako akishindwa na mwenye kutaja bei kubwa, umefanya kazi ya bure. Tena, kuleta mzigo hadi kwetu ni bei kali. Kwa hiyo wateja wako wa kweli hawako mu avenue yenu. Wako Bruxelles, Paris ao Montréal, kule ndugu zetu wanaishi na mzigo unafika mlangoni. Fanya kazi na hao.

Jihadharini pia na mnada wa uongo. Swoopo, iliyofungwa mwaka 2011, ilikuwa inalipisha kila mara unapotaja bei, hata kama umeshindwa. Mtu mmoja aliondoka na televizyo kwa bei ndogo, na wengine wengi waliacha pesa yao pale. Hiyo ni pari iliyovaa nguo ya mnada. Na kinyume chake, kuna michezo isiyo pari: mtu ananunua mchezo wa video, analipa mara moja, anacheza. Kuutangaza huo hakuna shida. Usiangalie jina, angalia njia ya makuta.

Msimamo wetu ni huu. Usikubali mkataba unaokulipa juu ya hasara ya mwingine. Waambie wazi wanaokufuata kwamba unalipwa. Usitume kode ya pari kwa mtoto: sheria ya 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafika miaka 18, na mu group ya darasa ao ya timu ya mpira wako wengi. Na kwa viongozi: inchi ina Sheria ya dijitali tangu Machi 2023. Isibaki ndani ya kabati. Iwalinde wanaocheza na wanaonunua.

Dola 3 za mnada zinakuja polepole, kweli. Lakini kesho yake unaweza kukutana na yule mteja na kumwangalia machoni. Yule aliyepoteza franka 10 000 kwa kode yako, utamwambia nini?